Divai ya Ugiriki Kando ya Mafiga

Nyumbani kwa yule mzee Mgiriki wa Ruiru hapakuwa na glasi za divai. Alikuwa na bilauri fupi nene, kama zile za chai ya hotelini, na alisema kwao, kwenye vibanda vya samaki, anayeshika glasi yenye mguu mrefu ni mtalii peke yake. Alikuwa ameniajiri nikate ua wake na kuziba mabati yaliyokuwa yakivuja. Nilidhani ningekaa wiki mbili. Nilikaa karibu miaka mitatu, na mimi si mtu wa kukaa.

Shule niliacha nikiwa kidato cha pili. Karo ilikuwepo. Sikuweza tu kuketi mahali pamoja nikiambiwa mambo kwa zamu, somo la pili lisubiri kengele ya la kwanza. Tangu hapo nimechuma kahawa, nimepalilia mananasi, nimechonga mawe kwenye machimbo ya Ndarugo, nimeosha vyombo katika hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania. Kila mahali niliuliza maswali mpaka watu wakachoka nami, kisha nikaondoka.

Aliyeumia zaidi kwa tabia hiyo ni baba yangu. Yeye alikuwa mtengenezaji wa muratina, pombe ya asali, huko Kalimoni, na watu waliokuwa wakienda kupeleka mahari walimjia yeye kwanza, mbuzi wakatafutwa baadaye. Alikuwa na matunda ya mratina, yale marefu kama soseji kubwa, aliyoyapasua na kuyachemsha na kuyaanika juani zamani sana, na aliyatumia tena na tena kwa miaka, kwa sababu ndiyo yanayoichachusha asali na maji. Kibuyu alikiweka kando ya mafiga, ndani ya kibanda chake mwenyewe, thingira, kwa kuwa mama ni mtu wa kanisa na hakutaka pombe ndani ya nyumba kubwa. Alikifunika kwa blanketi. Kisha alipiga magoti na kukitegea sikio. Kibuyu kikiwa kinanong'ona, alitabasamu. Kikinyamaza, alikisogeza karibu zaidi na moto.

"Una pua," aliniambia siku niliyorudi na sanduku langu la shule. "Pua hiyo ni yangu, sikatai. Lakini makalio huna. Kitu kizuri hungojwa, na wewe kungoja hujui."

Nilimjibu neno ambalo hadi leo ningependa kulirudisha. Nilimwambia kwamba mtu aliyeketi kando ya moto mmoja maisha yake yote hawezi kunieleza habari za dunia. Hakunipiga. Alirudi kwenye kibuyu chake. Baada ya hapo tukawa tunasalimiana kama majirani walioachana vizuri.

Basi yule Mgiriki. Baba yake aliletwa nchini na kahawa, na yeye mwenyewe alizeeka akitengeneza mashine za kumenyea kahawa kwenye mashamba ya Ruiru. Kahawa iling'olewa, zikapandwa ghorofa. Mke wake alikuwa amekufa. Mara moja kwa mwaka mpwa wake alimtumia katoni ya divai kutoka Ugiriki, naye aliifungua kwa kisu cha jikoni akihema kama mtu anayefungua barua.

Alianza kunionjesha kwa sababu hakupenda kunywa peke yake.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Nilimeza nikakunja uso.

"Mzee, hii imeharibika. Inanuka kama karakana ya seremala."

Alicheka mpaka akaishika meza. "Haijaharibika, kijana. Ni utomvu wa msonobari. Zamani mitungi ya udongo ilizibwa kwa utomvu huo ili hewa isiingie. Ladha ikaingia kwenye divai. Watu wakaizoea, halafu wakashindwa kuishi bila hiyo. Wewe hujaona Wakalenjin na maziwa yao yenye mkaa?"

"Nimeona. Sikuyapenda pia."

"Ulikunywa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja si kunywa. Mara moja ni kusalimia."

Akakaanga tilapia, chumvi nyingi na ndimu, akaniambia nile kwanza ndipo ninywe. Nikala, nikanywa. Ule utomvu ukayakata mafuta ya samaki mdomoni kama panga linavyokata nyasi zenye umande. Nikanyoosha bilauri bila kuambiwa. Alimimina tu.

Mwezi uliofuata alinipa nyeupe nyingine, ya kisiwa chenye udongo wa majivu ya volkano. Huko upepo ni mkali hata mizabibu haisimamishwi. Matawi husokotwa chini kama kikapu, na zabibu hukua katikati ya kikapu, zimejificha. Hayo aliniambia baadaye. Kwanza aliniuliza ninasikia nini puani.

Nilifumba macho. "Ndarugo," nikasema.

"Ndarugo ni nini?"

"Ni machimbo ya mawe. Mvua ya kwanza ikinyesha wakati tumetoka kuchonga, vumbi linalowa, halafu ulimi unakuwa na chumvi. Ni hivyo."

Aliiweka bilauri yake chini. Aliniambia kwamba amewanywesha divai hiyo mameneja wa mashamba, mapadri na daktari wake, na wote walimwambia ni nzuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia inafanana na nini. Jioni hiyo niliposhika panga kuendelea na ua wake, alinifuata nje akiwa na kofia yangu mkononi, akanivika mwenyewe. Hakukuwa na jua.

Alikuwa na vitabu vinne vya divai, vya Kiingereza, vizito kama matofali. Nilivisoma polepole, kidole chini ya mstari. Wafaransa walikuwa na mamia ya kurasa. Waitaliano vilevile. Ugiriki ilikuwa na kurasa chache mwishoni, karibu na picha za vizibo. Nilimwonyesha, nikitaka kujua sababu.

"Sisi tulinywa na kubishana habari za miungu wakati hao wengine hawajui mzabibu ni mti wa aina gani," alisema. "Lakini karne nyingi tulitawaliwa, halafu vita, halafu umaskini. Divai nzuri tulikunywa wenyewe vijijini, mbaya tukawauzia watalii. Basi dunia ikasema Wagiriki wana divai mbaya. Na majina yetu ni marefu. Mtu hawezi kuagiza kitu ambacho anaogopa kukitamka mbele ya mchumba wake."

Hilo niliamini. Kule hotelini Chania niliwahi kumuuliza mkuu wa wahudumu mbona orodha yao ya divai ni ya Wafaransa na Waitaliano peke yao. Alinitazama mikono, iliyojaa povu la sabuni, akasema, "Wewe osha sahani. Hiyo waini hata wewe hujui kusoma jina." Nilimfikiria baba pia. Polisi walishammwagia muratina yake njiani mara mbili, na mmoja wa polisi hao alikuwa amelipa mahari kwa kibuyu cha baba.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Kabla ya kunywa, yule mzee alidondosha matone machache kwenye shina la mwaridi wa marehemu mkewe. Nilimwambia kwamba baba yangu huwamwagia wa kale matone chini kabla ya kuonja, mama akiangalia kando. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia jirani yake wa zamani.

Ndipo siku moja akatoa nyekundu. Zabibu yake inatoka kaskazini mwa Ugiriki, na jina lake katika lugha yao lina maana ya uchachu na weusi. Ikiwa changa, inakausha mdomo kama kutafuna ganda la ndizi mbichi. Nilionja nikatema. Kisha akanipa kidogo kutoka chupa nyingine, ya divai ileile iliyongojwa miaka mingi. Sijui niiandike vipi. Nyanya zilizokaushwa juani. Zeituni. Waridi lililosahauliwa ndani ya kitabu. Udongo mwekundu baada ya mvua. Ukali wote ulikuwa umelala, lakini haukuwa umekufa.

"Ni nini kimeibadilisha?" nikauliza.

"Hakuna. Imeachwa."

Nilipoaga kuondoka, maana miguu ilikuwa imeanza kuniwasha tena, alinipa chupa moja changa. "Ngoja miaka minne," alisema. "Ilaze chini. Giza, na mahali pa baridi. Usiinywe peke yako."

"Niinywe na nani?"

"Na yule unayemtaja kila siku."

"Mimi? Simtaji mtu yeyote."

"Kila nikikupa bilauri unaniambia baba yako angesema nini."

Wakati huo nilikuwa na chumba cha mabati Kiandutu. Saa sita mchana humo ndani mshumaa hupinda wenyewe. Kwa hiyo niliipeleka chupa Kalimoni. Baba alitoka kwenye thingira yake akifuta mikono kwenye suruali.

"Hii ni divai ya Wagiriki," nikamwambia. "Inangojwa miaka minne. Nitarudi tuinywe pamoja, mimi na wewe."

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama kwenye mwanga, akaitikisa kidogo, akaipeleka sikioni. "Miaka minne," alirudia. "Na ni wewe utangoja?"

"Ni mimi."

Uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto. Nilijua nilipaswa kumweleza habari ya baridi na giza. Maneno yalinifika mdomoni. Lakini nani humfundisha mwenye vibuyu jinsi ya kutunza pombe? Niliona tukigombana tena pale pale, uani. Nikasema, "Itunze unavyojua wewe, baba." Nikaenda zangu.

Niliingia Mwea, nikavuna mpunga. Naivasha nilifunga maua kwenye masanduku. Mwaka wa tatu nilipitia Ruiru nikakuta mahali pa ua wangu kuna ukuta, na nyuma ya ukuta ghorofa ambayo bado ilikuwa na vyuma vimechomoza juu. Mlinzi wa lango alisema mzungu wa pale alikufa hospitalini, na vitabu vilibebwa na mtu wa kununua karatasi kuukuu. Nilimuuliza kuhusu waridi. Aliniangalia kama mtu aliyelewa.

Kwa hiyo chupa ile ndiyo ilikuwa imebaki.

Mwaka wa nne ulipokaribia kuisha, mama alinipigia simu. Baba hakuwa akimeza vizuri. Walimpima Thika, wakasema ni saratani ya koo, na wakasema imechelewa kugunduliwa. Alikuwa akinywa uji wa maji kwa kijiko, na madaktari walisema hata huo si wa muda mrefu. Nilipanda gari siku hiyohiyo. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: baba aionje kabla koo halijafunga, ajue kwamba nilijifunza kitu huko nje, na kwamba mara moja maishani nilingoja.

Mama alinilaki mlangoni. Alikuwa amekonda kama vile yeye ndiye mgonjwa.

"Umekuja kwa ajili yake au kwa ajili ya ile chupa?" aliniuliza, akijaribu kucheka.

"Yote mawili, mama."

"Haiya! Hiyo chupa wacha tu. Miaka arobaini nimeolewa hapa, sijawahi kufunikwa vile imefunikwa."

"Imefunikwa?"

"Si ile blanketi ya kibuyu! Ako nayo pale kwa mafiga. Asubuhi anaitegea sikio, anasema, 'Mbona hailii? Hii ya Wagiriki imekufa baridi.' Anaisongeza kwa moto kidogo. Msimu wa baridi alikuwa anaamka kuongeza kuni kwa sababu yake. Mimi nikiomba kuni za chai naambiwa ningoje."

Nilisimama pale pale. Nilitaka kucheka pamoja naye, maana alikuwa ameisimulia vizuri, lakini nilikuwa tayari nikihesabu. Miaka minne kando ya moto. Divai haiivi kwa joto. Huungua.

Mama aliniona. "Ni nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Baba alikuwa amelala kwenye kitanda kidogo ndani ya thingira. Hakukubali kuhamishwa nyumba kubwa. Mafiga yalikuwa na makaa, na kando yake chupa ilisimama imevikwa blanketi hadi shingoni. Aliponiona aliielekeza kidole kabla hata hajanisalimu. Sauti yake ilikuwa imebaki upepo.

"Iko," alisema. "Sijaionja. Uliza mama yako."

"Najua, baba."

Niliifungua kwa kizibuo nilichopewa Ruiru. Kizibo kilikuwa kimesukumwa nje kidogo na joto, na kililowa pembeni. Sikuhitaji kunusa. Nilimimina kwenye vikombe viwili vya bati. Ilikuwa ya kahawia, kama chai iliyolala. Baba alinyoosha mkono, nikampa kikombe, akadondosha matone matatu kwenye sakafu ya udongo kwa ajili ya wa kale. Kisha akakileta puani.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa hawezi tena kula, lakini pua ilikuwa bado yake.

"Niambie," alisema. "Inafaa kunuka nini?"

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Niliangalia blanketi lililokuwa limeanguka karibu na makaa. Nikamwambia nilichoonjeshwa Ruiru, neno kwa neno. Nyanya zilizokaushwa. Zeituni. Waridi ndani ya kitabu. Udongo baada ya mvua.

"Na hii iko hivyo?"

"Iko hivyo, baba. Imetoka vizuri sana."

Alinusa tena. Akalowesha midomo. Nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni akiwa ameshafika mlangoni. Kisha akakishusha kikombe juu ya kifua.

"Mimi nasikia asali iliyoungua tu," alisema. "Na siki. Basi pua imeenda pia."

Nilisema pengine ni dawa. Alifumba macho. Nilikunywa kikombe changu chote, nikamaliza na chake, nikitabasamu, na ile ladha ya sufuria iliyosahauliwa motoni ilibaki kooni mwangu mpaka nikalala.

Asubuhi alimwita jirani ambaye alikuwa akimwomba kwa miaka amfundishe. Alimpa matunda yote ya mratina, kumi na moja, ndani ya gunia. Jirani alikuwa akikataa, akisema, "Lakini mzee, haya ni yako mpaka upone." Baba akamwambia mtu asiye na pua hana kazi na muratina. Alisema moto uzimwe pia. Mama akaja kunisimamia uani, mikono kiunoni.

"Umemwambia nini baba yako?"

Siku nzima nilipasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Nilikuwa nimemwondolea lawama, na nilichomlipisha kwa hiyo kilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Siku ya pili niliingia, nikaketi chini karibu na kitanda.

"Baba, pua yako haijaenda. Divai ndiyo imeungua."

Alifungua macho.

"Ile ya Wagiriki haitaki joto. Inataka baridi, iachwe tu. Ulisikia sawasawa. Asali iliyoungua na siki, ndivyo ilivyo."

Alitazama mafiga yaliyozimwa. Akatazama blanketi. Kifua kilipanda na kushuka.

"Ni mimi," alisema.

"Ni mimi sikukwambia. Niliogopa kukufundisha."

"Kai!" Ilikuwa karibu kicheko, ikakatwa na maumivu. "Miaka minne naamka kuipikia."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ukainywa yote, ukitabasamu."

"Nikainywa."

Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni ya macho na kuingia sikioni, na hakuwa na nguvu za kuyafuta, nikayafuta mimi. Sikujua analilia divai, au kuni, au mimi, na sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

"Lete chupa," alisema.

Ilikuwa na mabaki chini. Nikaishika chini ya pua yake. Akavuta pumzi mara moja, polepole, kama zamani.

"Asali iliyoungua," alisema. "Siki. Na nyuma kabisa, mbali, kuna hiyo nyanya yako."

Nilinusa. Ilikuwepo. Mimi nilikuwa nimeikosa.

Akanituma kwa jirani nikayachukue tena matunda yake. Jirani hakubisha, alikuwa hajayagusa. Baba hangepika tena, na sote watatu, yeye, jirani na mimi, tulijua hilo. Niliyapanga kitandani kando ya mkono wake, akawa anayachukua moja moja, macho yamefumbwa, akinitajia kila moja lilitoka mti gani. Hili la karibu na mto. Hili la kwa mjomba wako. Hili nilipewa mwaka uliozaliwa. Alikuwa akichoka haraka, anapumzika, anaanza tena. Nilikaa pale mpaka akafika la kumi na moja, na nilipoona mwanga umegeuka mlangoni nilishangaa kwamba sikuwa nimeinuka hata mara moja.